Tarikhi ya Moto katika Nyanda za Juu Kusini

Mwenye kuzaliwa pwani, ambaye joto kwake ni adha ya kukimbiwa na upepo ni neema ya kuombwa, hana budi kwanza kuiweka kando tabia ya nchi yake ndipo apate kuufahamu moto wa Iringa na Mbeya. Mji wa Iringa umekaa katika kimo cha mita zaidi ya 1,500 juu ya bahari, Mbeya mita 1,700 hivi, Njombe unakaribia 2,000, na uwanda wa Kitulo, ambao Waingereza waliupa jina la Elton, balozi wao aliyepita huko mwaka 1877, umepanda hata kupita mita 2,600. Na katika nchi hizo kipupwe cha Juni mpaka Agosti huja na ukungu na upepo wa kusi mchana, na usiku wa manane huja na zamhariri inayogeuza umande kuwa sakitu juu ya majani ya viazi. Moto wa nyumba katika nchi kama hii una kazi mbili zisizotengana, kuivisha chakula na kuwahifadhi watu na baridi. Na habari nitakayoisimulia, ya muda wa miaka zaidi ya mia na ishirini, ni habari ya kazi hii ya pili kusahauliwa na karibu kila aliyefika huko na daftari la hesabu, awe mtawala, mhandisi au mfadhili, ilhali wenyeji hawakupata kuisahau hata usiku mmoja.

Kabla ya Wadachi kuingia, Wahehe walijenga tembe: nyumba ndefu ya pembe nne, kuta zake za miti iliyokandikwa udongo, na paa lake bapa, lililolemewa na udongo mzito juu ya boriti, ambalo mchana hulinywa jua na usiku hulirudisha joto kidogo kidogo kwa walalao chini yake. Nyumba ya namna hii ilidai miti mingi siku ya kujengwa, lakini iliilipa nchi deni hilo kwa kuni ilizozipunguza kila siku iliyofuata, na mgeni aliyeidharau kwa ufupi wake na giza lake hakuwa ameilala mwezi wa Julai. Kusini zaidi, katika mvua na mianzi ya Rungwe, Wanyakyusa walikuwa na hikima nyingine. Monica Wilson, mwanachuoni aliyeishi miongoni mwao pamoja na mumewe Godfrey kati ya mwaka 1935 na 1938, ameeleza jinsi ng'ombe walivyolazwa ndani ya nyumba, upande wao, na watu upande wao. Jambo hilo mabwana afya wa wakati ule waliliona kuwa uchafu mtupu, na la uchafu lilikuwamo, lakini ng'ombe mmoja aliyeshiba hutoa joto la watu kadhaa, na nyumba yenye ng'ombe wanne haikuwa nyumba ya kutetemeka.

Katikati ya nyumba, kwa Wahehe, Wabena, Wakinga, Wasafwa na Wanyakyusa sawia, palikuwa na mafiga matatu. Hapo inafaa nitue kidogo, kwa kuwa hukumu iliyotolewa juu ya mafiga baadaye ndiyo kiini cha habari yote. Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri ina joto la uniti nne hivi, kwa kipimo kilekile cha umeme tunaoununua leo. Kwa hiyo mzigo wa kilo 20 anaoubeba mwanamke kichwani kutoka porini ni sawa na uniti 80. Katika joto hilo moto wa mafiga hukipa chungu sehemu kama moja tu katika kumi. Sehemu tisa zilizobaki huenda wapi? Zilienda katika kuta na sakafu ya udongo, zikakaa humo mpaka alfajiri. Zilienda kwa wazee walioketi kwenye vigoda na kwa watoto waliojipanga kuuzunguka moto. Zilipanda kwenye uchaga uliokuwa juu ya meko, zikaikausha mbegu ya mahindi na kuifukuza fukusi. Nyingine zilipotea mlangoni na katika nyasi za paa. Pamoja na joto ulikuja moshi, na moshi huo uliwaharibu macho na vifua akina mama kizazi baada ya kizazi, wala sitaki msomaji adhani kwamba naupamba. Lakini sehemu zile tisa hazikuwa za bure, na aliyeziandika zote katika safu ya hasara alikuwa hajui anachokihesabu.

Ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, pale Kalenga, ilianguka mwezi wa Oktoba 1894, na mwaka 1896 Wadachi wakajenga boma lao katika mlima ambao ndio Iringa ya leo. Wamoraviani walikuwa wamekwisha kufika Rungwe tangu 1891, na Wabenediktini wakafuata Tosamaganga mwaka 1897. Na watu hawa wa misioni ndio waliofundisha, pamoja na dini na kusoma, kazi ya kuchoma matofali katika tanuru na kupasua mbao kwa msumeno. Wao walitoka nchi za theluji, kwa hiyo nyumba zao walizijengea dohani. Walowezi wakaja baadaye, wakapata nguvu zaidi baada ya Lord Delamere wa Kenya kuitisha mkutano wao Tukuyu mwezi wa Oktoba 1925. Na mji wa Mbeya ukaanzishwa mwaka 1927, wakati dhahabu ya Lupa ilipokuwa ikiwavuta watu kutoka kila upande. Atembeaye hata leo katika mitaa ya zamani ya Iringa na Mbeya, au katika mashamba ya chai ya Mufindi, ataziona nyumba za mabwana wale, na juu ya mapaa yake dohani za matofali mekundu zimesimama imara. Ndani yake mlikuwa na meko ya ukutani, na kila jioni ya kipupwe mtumishi alizikoka kuni humo, kisha akarudi kwake kulala kando ya mafiga. Matofali ya misioni yaliigwa na wenyeji, bati likaigwa, dirisha likaigwa. Dohani haikuigwa, maana nyumba za makarani, walimu na askari, ambazo zilikuwa kiolezo kwa kila mwenye kutaka kujenga nyumba ya kisasa, aghalabu zilijengwa bila hiyo, kana kwamba baridi ya Uhehe ilikuwa ikichagua rangi ya mtu wa kumshika.

Wakati huohuo kuni zilipata mabwana wapya wenye njaa kubwa kuliko chungu cha nyumbani. Walowezi wa Kiyunani walipolima tumbaku ya mvuke katika nchi ya Iringa, miombo ilikatwa ili kuyapasha moto mabani ya kuikaushia. Pareto nayo ilidai moto wa kuikausha. Na viwanda vya chai vya Mufindi na Rungwe vilihitaji joto usiku na mchana, hata wenye mashamba wakaanza kupanda milingoti kwa kusudi hilo hasa. Ndipo ukaingia mti ambao, kwa maoni yangu, umewatendea watu wa Nyanda za Juu wema mkubwa kuliko miradi mingi iliyokuja kwa mbiu.

Muwati ni mti wa asili ya Australia, wenye gome lililojaa dawa ya kulainishia ngozi. Mwaka 1949 shirika ambalo Serikali ya Uingereza ilikuwa imeliunda mwaka uliotangulia kwa ajili ya maendeleo ya makoloni lilianzisha huko Njombe Kampuni ya Miwati ya Tanganyika, ambayo watu huiita TANWAT. Kampuni ilitaka gome. Kuni zilikuwa ni mabaki. Lakini Wabena, ambao nchi yao ya majani ilikuwa na uhaba wa miti, waliuona mti huu kwa jicho lao wenyewe. Waliupanda mipakani mwa mashamba na katika viambo vya zamani, wakauza gome kiwandani palipokuwa na bei, na palipokosekana bei hawakung'oa kitu, kwa sababu mti uliobaki ulikuwa nguzo, fito, kuni na mkaa. Muwati huwa tayari kukatwa baada ya miaka minane au kumi. Huirutubisha ardhi unaposimama, kama mimea mingi ya jamii ya kunde ifanyavyo. Na baada ya kukatwa, mkulima huchoma mkaa palepale, hupanda ulezi au mahindi katika udongo ulioungua, na mbegu za miwati zilizolala ardhini, zikiamshwa na moto huohuo, huota zenyewe zikafuatana na nafaka mpaka zikaishinda na kulirudisha shamba kuwa msitu. Hakuna ofisi iliyoubuni mpango huu. Ni nishati jadidifu kwa maana kamili ya maneno hayo, nayo ilikuwako Njombe kabla maneno hayo hayajatungwa.

 

Umeme wa maji uliingia kwa unyenyekevu. Mwaka 1951 mtambo wa Tosamaganga, wenye nguvu ya kilowati 1,200 hivi, uliwekwa katika Ruaha Mdogo ili kuupa mji wa Iringa umeme. Na mwaka 1958 mtambo mdogo zaidi, wa kilowati 340, ukawekwa Mbalizi kwa ajili ya Mbeya. Zilikuwa taa za ofisi, za maduka na za nyumba chache, wala hapakuwa na mtu aliyefikiri kuota umeme. Baadaye hospitali za makanisa zilizokuwa mbali na kila waya, kama Isoko, Lugarawa na Bulongwa, ziliyafunga maporomoko ya jirani zikapata mwanga wa kupasulia wagonjwa na kupozea dawa, na wengi waliozaliwa huko wanadaiwa uhai na vijito ambavyo majina yake hayamo katika ramani. Katika miaka ya 1980 kijiji cha Matembwe, kwa kushirikiana na Wataliani wa shirika la CEFA, kilijenga mtambo wake na kuunda kampuni ya kijiji. Na miongoni mwa kazi za umeme huo ikawa kutotolesha vifaranga. Mayai ya kuku yakapata joto la maji ya mto, nalo likawatajirisha watu kidogo, na watu wenyewe wakaendelea kuota miwati.

Baada ya Uhuru nchi ilipangwa upya. Katika miaka ya kuanzia 1973 watu walihamishiwa vijijini, nyumba zikapangwa kwa mistari kando ya barabara, na faida ya shule na zahanati ilikuwa dhahiri; lakini mamia ya kaya zilizokuwa zikiokota kuni kila moja katika upande wake sasa zilielekea kichaka kimoja, na kichaka hicho kilirudi nyuma mwaka hata mwaka, mwanamke akiongeza hatua za kukifuata. Serikali haikulala. Huko Sao Hill, katika Mufindi, ambako misindano ilikuwa imejaribiwa tangu 1939, shamba la miti la taifa lilipanuliwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia mpaka likawa kubwa kuliko mashamba yote ya namna hiyo nchini, nalo likalisha kiwanda cha karatasi cha Mgololo; shamba hilo lilikusudiwa mbao na karatasi, lakini mabanzi yanayobaki viwandani, yenye gome upande mmoja na mbao upande wa pili, yamekuwa kuni za Mafinga na vijiji vyake vyote. Mwaka 1980 redio ilipeleka kila pembe kampeni ya Misitu ni Mali. Tangu mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980 mradi wa HIMA, yaani Hifadhi Mazingira, ulisaidiwa na Denmark kupanda miti na kulinda vyanzo vya maji katika mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulikuwa bado unaikumbatia Njombe, iliyopewa mkoa wake mwaka 2012.

Na katika zama hizo yakaja majiko banifu. Mwenye kulibuni jiko hilo alianza na ile hesabu ya sehemu moja katika kumi, akaihesabu kuwa aibu, na kwa upande wa chungu alisema kweli: aliuzungushia moto ukuta wa udongo, akaubana, akaupandisha mpaka sehemu mbili na nusu au tatu katika kumi, na mzigo wa kuni uliokuwa ukiisha kwa siku mbili ukaenda siku tano au sita. Mwanamke aliyepunguziwa safari mbili za porini kwa juma hana sababu ya kuulaumu ufundi huo, nami simlaumu fundi. Lakini jiko lililojengwa vizuri hulifungia joto ndani yake. Anayeketi kando yake mwezi wa Julai hupata uvuguvugu wa magotini tu, na bibi wa nyumba hupata ugali mapema na baridi mapema. Ndiyo maana katika kaya nyingi za juu jiko jipya halikuyaondoa mafiga, ila lilikaa kando yake tu, likipika mchana wakati mafiga yakikokwa jioni. Na waliopita baadaye kukagua, walipoyakuta mafiga yana majivu ya jana, waliandika kwamba watu wanahitaji elimu zaidi. Kwa insafu, elimu iliyopungua ilikuwa ya mkaguzi, ambaye hakuwahi kuuliza watoto wanalala wapi.

Nyumba nayo ilikuwa imebadilika, na mabadiliko haya ndiyo yaliyogeuza usumbufu kuwa hatari. Matofali ya kuchoma yameenea leo toka Ilula hata Tunduma, na tanuru za kuyachomea hula kuni zisizohesabiwa katika takwimu za kupikia. Juu yake hukaa bati, ambalo ni sitara njema dhidi ya mvua, lakini halizuii joto hata kidogo pasipo dari chini yake, na dari ndicho kitu ambacho mwenye kujenga kwa mapato ya viazi hukiahirisha mpaka mwisho. Kwa kuwa nyumba hii ni safi, na yapasa iwe safi, moto umetolewa nje katika kijumba cha jiko. Hapo mwenye nyumba amepata kuta imara kuliko za babu yake na usiku wa baridi kuliko wa babu yake. Basi kipupwe kinapokaza, jiko la mkaa hukokwa nje, na makaa yanapokuwa mekundu, moshi umekwisha na moyo umetulia, huingizwa chumbani, mlango ukafungwa na nguo ikaziba upenyo wa chini. Makaa yanayowaka katika hewa haba hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huishika damu ikaizuia isibebe uhai. Aliyelala haamshwi nayo, huzidi kulala. Vifo vya namna hii vimeripotiwa mara kwa mara katika miezi ya baridi kutoka mikoa hii, mara nyingine nyumba nzima kwa usiku mmoja, na mara nyingi waliokufa walikuwa ni watu waliotaka tu kuwapa watoto wao joto. Katika tembe yenye moshi hewa ilipita. Katika nyumba bora haipiti. Nayaandika haya bila kuipunguza heshima ya nyumba bora, kwa sababu kosa halimo katika tofali wala katika bati, limo katika dohani ambayo haikujengwa.

Ikumbukwe kwamba katika muda huohuo watu wa nchi hii walikuwa wakifanya makubwa kwa miti, maji na upepo. TANWAT, iliyokuwa imeona kuni zake kuwa mabaki, iliweka mwaka 1995 mtambo wa megawati 2.5 unaochoma miti hiyo, ambao mvuke wake huendesha kiwanda cha gome na umeme wake huingia Njombe. Baada ya Wakala wa Nishati Vijijini kuanza kazi mwaka 2007 kwa sheria ya 2005, mitambo midogo ilipata njia ya fedha na ya sheria: Mawengi, katika Ludewa, wananchi walipata mtambo wa kilowati 300 wakaundiwa chombo chao cha kuusimamia, nao mto Mwenga, katika Mufindi, ukafungiwa mwaka 2012 mtambo wa megawati 4 unaoihudumia chai na vijiji vya jirani na kuliuzia shirika la umeme la TANESCO ziada. Mto huo hupungua wakati wa kiangazi, na wakati huohuo upepo wa Mufindi huzidi. Kwa hiyo mwaka 2020 ilisimamishwa mitambo mitatu ya upepo, jumla megawati 2.4, ili mmoja achukue zamu mwenzake anapochoka. Napenda sana ujenzi huu, kwa kuwa umetokana na kuijua nchi. Na maji ya milima hii, yateremkayo kwa Ruaha na kwa mito inayoingia Kilombero, ndiyo yaliyogeuza Kidatu, Mtera na Kihansi, nayo sasa yanaligeuza bwawa la Julius Nyerere katika Rufiji, lenye megawati 2,115, ambalo taa zake huwaka Dar es Salaam, mahali pasipojua sakitu.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaokusudia asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034, na hakuna anayeyapenda mapafu ya mama yake atakayeupinga. Ila jina lenyewe linataja kupikia. Mtungi wa gesi utaivisha maharage ya Makete kama unavyoyaivisha ya Tanga, kisha utazimwa, na usiku wa Makete utabaki vilevile. Paneli ndogo ya jua itamulika daftari la mtoto na kuchaji simu, na haitampasha moto vidole. Umeme je? Kiwango nafuu cha TANESCO, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, ni cha nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi; kipasha joto cha wati 1,000 kikiwashwa kwa saa tatu kila jioni hula uniti 90, kwa hiyo kimekwisha kuuvuka mpaka kabla taa moja haijawashwa, na mwenye nyumba huhamishiwa kwenye bei ambayo, pamoja na kodi, inazidi shilingi 300 kwa kila uniti. Kwa mkulima wa viazi hesabu hiyo imefungwa.

Kinachobaki wazi kinapatikana sokoni Makambako na Mafinga: mbao nyembamba za msindano za kuwekea dari chini ya bati, fundi wa matofali awezaye kulijenga jiko ukutani na dohani yake ikipenya paa, ili moto mmoja ule ule upike upande huu na kuupasha ukuta wa chumba cha kulala upande wa pili, na moshi uende zake juu, na kuni zenyewe, zilizokatwa mapema, zikapangwa kwenye upenu zikakauka miezi sita, badala ya kuchomwa mbichi. Anayetaka mkopo wa mtungi wa gesi leo anapata pa kuuomba, na anayetaka mkopo wa dari na dohani ajengewe mlango huohuo, kwa fedha zilezile na kwa hoja ileile ya afya. Shamba la kuni hizo halihitaji kubuniwa: muwati uliopandwa Njombe mwaka ule Mkakati ulipozinduliwa utakuwa umekomaa kukatwa mwaka 2034.